Neva inavyouamrisha msuli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha fiziolojia hapa Moshi. Maswali yaliyomo humu yametoka kwa wanafunzi wa uuguzi na utabibu, kwa wakulima wa Arumeru, kwa wapagazi wa mlimani, na mengine kwa majirani ambao wakishajua unafundisha mambo ya mwili hawakuachi upite salama. Nimeyaweka kwa mpangilio wa jinsi yanavyonijia, na mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja au miwili tu kwa sababu hayahitaji zaidi. Lakini swali la pili lisome hata kama umekuja kwa ajili ya nyoka au dawa ya nyanya. Karibu kila sumu na kila dawa itakayotajwa humu inavamia hatua mojawapo kati ya zile zilizoelezwa pale, na ukijua ni hatua ipi, dalili zake huhitaji kuzikariri.

Neva imeshikana na msuli au haijashikana?

Haijashikana. Neva inayotoka kwenye uti wa mgongo hufika kwenye msuli, ikajigawa matawi, na kila tawi likaishia juu ya uzi mmoja wa msuli, kwa kawaida karibu na katikati ya urefu wa uzi huo. Kati ya ncha ya neva na uzi wa msuli hubaki pengo la takribani nanomita 50. Katika milimita moja mapengo ya namna hiyo yangeingia 20,000. Ni jembamba, ila umeme wa neva hauwezi kulivuka, kwa hiyo kinachovuka ni kemikali: asetilikolini.

Idadi ya matawi hutegemea kazi. Misuli inayozungusha jicho inahitaji usahihi, hivyo seli moja ya neva huamrisha nyuzi chache tu. Kwenye msuli wa shavu la mguu, seli moja inaweza kuamrisha nyuzi zaidi ya elfu moja.

Sasa amri inavukaje? Mwalimu, utueleze polepole.

Polepole ni kwenye kueleza tu, maana tukio lenyewe halimalizi hata sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Kwanza, wimbi la umeme linashuka kwenye neva hadi kwenye ncha. Wimbi hilo ni chembe za sodiamu zinazoingia ndani ya neva, zikifuatiwa na potasiamu inayotoka. Likifika nchani linakuta milango ya aina nyingine, ya kalsiamu, ambayo hufunguka kwa umeme. Nje ya ncha kalsiamu ni nyingi mara elfu kumi na zaidi kuliko ndani, kwa hiyo mlango ukifunguka tu inaingia kwa kasi.

Hapa wanafunzi wengi hujikwaa. Umeme wenyewe hautoi asetilikolini. Umeme unafungua mlango wa kalsiamu, na kalsiamu ndiyo inayotoa. Ukiweka neva na msuli wa chura kwenye maji yasiyo na kalsiamu, umeme utafika hadi nchani bila tatizo lolote na msuli hautatikisika.

Asetilikolini imehifadhiwa ndani ya vifuko vidogo vyenye kipenyo cha nanomita 40 hadi 50. Baadhi ya vifuko vimekwisha kupangwa ukingoni, mkabala na pengo, vinangoja. Kwenye utando wa kila kifuko kuna protini iitwayo sinaptobrevini. Kwenye utando wa ncha ya neva kuna nyingine mbili, sintaksini na SNAP-25. Hizi tatu hujisokota pamoja na kuvuta kifuko kikaribie ukingo kabisa. Kifuko kina protini ya nne, sinaptotagmini, ambayo hunasa kalsiamu iliyoingia. Ikishainasa, tando mbili zinaungana, kifuko kinafunguka upande wa nje, na asetilikolini inamwagika pengoni.

Upande wa pili, utando wa uzi wa msuli umejikunja mikunjo mirefu, na midomo ya mikunjo hiyo imejaa vipokezi, karibu 10,000 katika kila mikromita moja ya mraba. Kipokezi kimoja kinahitaji molekuli mbili za asetilikolini ili kifunguke. Kikifunguka, sodiamu inaingia ndani ya uzi wa msuli, umeme mpya unazaliwa pale pale, unasambaa urefu wote wa uzi na kuzama ndani yake, kisha uzi unajikaza.

Angalizo kwa wanaojiandaa na mtihani: kuna kalsiamu mbili katika habari hii. Ile inayotoa asetilikolini inatoka nje ya ncha ya neva. Ile inayokaza msuli inatoka kwenye ghala lililomo ndani ya uzi wa msuli wenyewe. Ukizichanganya, kila kitu kinachofuata kitakuchanganya.

Nimesikia kemikali hii hutoka kwa mafungu. Kwa nini isitoke kidogo kidogo?

Kwa sababu imeshafungashwa kabla. Ukienda soko la Mbuyuni au lile la Kilombero kule Arusha, muuza nyanya anakupimia sado moja, mbili, au kumi. Hakupimii sado na robo tatu ya nyanya moja. Ncha ya neva nayo hutoa kifuko kizima au haitoi. Kila kifuko kina molekuli kati ya 5,000 na 10,000 za asetilikolini.

Jambo hili lilibainika London mwanzoni mwa miaka ya 1950. Bernard Katz, aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1935, alikuwa akipima umeme wa misuli ya chura pamoja na Paul Fatt. Waliona kwamba hata neva ikiwa imetulia kabisa, msuli ulikuwa unaonyesha vishindo vidogo vya umeme, karibu nusu milivolti kila kimoja, kimoja kwa sekunde hivi. Mtu mwingine angedhani ni kelele za mashine. Wao walichunguza, wakakuta vishindo hivyo hutokea pale tu neva inapokutana na msuli, na kwamba ukubwa wake haubadiliki sana.

Kisha Katz na José del Castillo walipunguza kalsiamu na kuongeza magnesiamu kwenye maji mpaka neva ikawa inatoa kidogo mno. Majibu ya msuli yakawa yanaruka kwa ngazi: mara hakuna kitu, mara kishindo kimoja, mara viwili, mara vitatu. Hakukuwa na kishindo kimoja na nusu. Walifikia hitimisho hilo mwaka 1954, na Katz akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1970 pamoja na Ulf von Euler na Julius Axelrod. Picha za vifuko vikiwa katika tendo la kufunguka zilikuja kuonekana vizuri baadaye, mwaka 1979, pale John Heuser na Thomas Reese walipougandisha msuli wa chura kwa kuubamiza kwenye kipande cha shaba kilichopozwa kwa heliamu ya kimiminika, milisekunde chache baada ya kuushtua. Kwangu mimi hilo ni jaribio tamu kuliko yote katika somo hili.

Kabla ya hapo watu walidhani ni nini?

Wengi walidhani umeme unaruka. Mwaka 1921, Otto Loewi aliyekuwa Graz, Austria, alishtua neva inayopunguza kasi ya moyo wa chura, akachukua maji yaliyouzunguka moyo ule na kuyapeleka kwenye moyo mwingine. Ule wa pili nao ukapunguza kasi, ingawa neva yake haikuguswa. Kwa hiyo kulikuwa na kitu majini, na kitu hicho kilikuja kuthibitika kuwa asetilikolini. Kwa misuli ya mifupa ushahidi ulikuja mwaka 1936 kutoka kwa Henry Dale, Wilhelm Feldberg na Marthe Vogt. Kiasi kinachotolewa ni kidogo sana, kwa hiyo walikipima kwa kutumia kipande cha msuli wa ruba, ambao hujikaza hata kwa chembe chache za asetilikolini. Loewi na Dale walipewa Nobel mwaka huo huo.

Umeona kwamba kemikali ileile inaupunguza kasi moyo na kuukaza msuli wa mguu? Tofauti iko kwenye vipokezi. Moyo, tezi na utumbo vina vipokezi vya aina ya maskarini. Misuli ya mifupa ina vya aina ya nikotini. Shika hilo, litakusaidia kwenye swali la viuatilifu.

Asetilikolini ikishafanya kazi yake inakwenda wapi?

Inakatwa pale pale. Ndani ya pengo kuna kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho molekuli yake moja hukata maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde. Mabaki yake, kolini, yanarudi ndani ya ncha ya neva na kutengenezwa upya. Utando wa vifuko nao unarudishwa ndani na kufinyangwa kuwa vifuko vipya. Bila kukatwa huko, amri moja ya neva ingegeuka kuwa nyingi, na msuli usingejua lini uache.

Jicho langu la kushoto linacheza siku ya tatu leo. Je, ni vile vifuko vinavyojifungua vyenyewe? Au kuna mgeni anakuja?

Habari za mgeni muulize bibi. Ila si vile vifuko. Kifuko kimoja kikijifungua chenyewe huleta nusu milivolti hivi, na hiyo haitoshi hata kidogo kuukaza uzi wa msuli. Kope inayocheza ni seli ya neva inayojirushia umeme bila kuamriwa, na nyuzi zote zilizo chini yake zinajikaza kwa pamoja. Mara nyingi ni uchovu, usingizi haba au kahawa nyingi, na huisha yenyewe. Kama misuli ya mwili inacheza mahali pengi na wakati huohuo inakonda au inapoteza nguvu, hapo nenda hospitali.

Baada ya kupuliza dawa kwenye nyanya nilitokwa na mate na jasho, kifua kikabana, misuli ikawa inatetemeka. Kuna uhusiano?

Uhusiano wa moja kwa moja. Swali hili, kwa maneno tofauti tofauti, nimeulizwa na watu wa Ngarenanyuki na wa kahawa huku Kilimanjaro mara nyingi kiasi kwamba sijui kama kuna darasa lolote la fiziolojia lenye faida kuliko hili.

Viuatilifu vingi vya jamii ya oganofosfeti, kama profenofosi na klopirifosi, huua wadudu kwa kuharibu kolinesterasi, kile kimeng'enya kinachokata asetilikolini pengoni. Mdudu anayo, na wewe unayo. Ikishaharibiwa, asetilikolini inabaki pengoni na kuendelea kupiga vipokezi. Kwenye vipokezi vya maskarini utaona mate, machozi, jasho, kutapika, kuharisha, mboni za macho kusinyaa kama tundu la sindano, makohozi kujaa kifuani, moyo kwenda polepole. Kwenye vipokezi vya nikotini misuli inatetemeka kwanza, kisha inalegea, kwa sababu msuli unaoshtuliwa bila kupumzishwa huacha kuitika. Anayefariki mara nyingi hufariki kwa kushindwa kupumua.

Dawa hizi hupita kwenye ngozi. Wakulima wengi hufunga kitambaa puani na kuona wamejikinga, huku bomba la kupulizia linavuja mgongoni na shati limelowa. Shati lililolowa ni hatari kuliko harufu.

Mtu akizidiwa: mtoe shambani, mvue nguo zote, muoshe kwa sabuni na maji mengi, wewe mwenyewe ukiwa umevaa glavu au hata mifuko ya plastiki mikononi. Usimtapishe. Usimpe maziwa ukadhani yataua sumu. Mpeleke hospitali mara moja na ubebe chupa ya dawa yenye lebo yake, maana daktari akijua ni jamii gani anaokoa muda.

Hospitalini atapewa atropini. Wanafunzi huniuliza kwa nini mgonjwa aliyepewa atropini ya kutosha, mate yamekauka na kifua kimekuwa safi, bado misuli yake ni dhaifu. Jibu liko kwenye vipokezi: atropini huziba vya maskarini tu, haigusi vya nikotini vilivyoko kwenye misuli. Kwa misuli kuna dawa kama pralidoksimu, inayojaribu kukinasua kimeng'enya kabla hakijaharibika moja kwa moja, na kuna mashine ya kupumulia. Na usimruhusu mgonjwa mapema kwa sababu anaongea na amekunywa uji. Kati ya siku ya kwanza na ya nne baadhi yao hurudi nyuma: anashindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto, kisha pumzi inapungua. Kila zamu imwombe ainue kichwa, na jibu liandikwe kwenye faili.

Koboko na swila wanafanyaje? Sumu yao ni ileile?

Matokeo yanafanana, mbinu ni tofauti. Sumu kuu ya swila wengi huziba vipokezi vya upande wa msuli: asetilikolini inatolewa vizuri ila inakuta pa kukaa pameshikwa. Koboko ana ghala zima la silaha. Anazo sumu za kuziba vipokezi kama swila. Anazo dendrotoksini, ambazo huziba milango ya potasiamu kwenye ncha ya neva. Umeme unachelewa kuisha, kalsiamu inaendelea kuingia, na vifuko vinatoka kupita kiasi. Tena anazo fasikulini, zinazozuia kolinesterasi kwa namna inayokumbusha dawa ya nyanya. Mnyama mmoja anashambulia hatua tatu. Ukipita pale Meserani Snake Park, ng'ambo ya Arusha, ukimtazama ndani ya kioo, kumbuka hilo.

Dalili ya mapema ni kope kulegea, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kumeza mate, ulimi kuwa mzito. Kisha kifua. Mgonjwa anaweza kuwa amelegea mwili mzima, hawezi hata kufumbua macho, na bado anasikia yote mnayosema. Msimseme kama maiti.

Mlaze, asitembee, vua pete na bangili, usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kukata damu, mkimbize hospitali. Njiani akiacha kupumua, mpulizie pumzi. Sumu hizi hazisimamishi moyo kwanza, zinasimamisha misuli ya kupumua, kwa hiyo pumzi unayompa inaweza kumfikisha penye mashine na dawa ya kupambana na sumu. Kifutu ni habari nyingine: yeye huvimbisha na kuozesha nyama, wala hashughuliki na pengo letu.

Kwa nini wodi ya wazazi wananigonga goti kabla ya kila sindano ya kifafa cha mimba?

Mama mmoja alimuuliza mwanafunzi wangu, mwanafunzi akajibu "ni utaratibu tu". Jibu hilo halitoshi, na mama alikuwa na haki ya kupata la kweli.

Sindano ile ni magnesiamu salfeti. Magnesiamu hushindana na kalsiamu kwenye milango ya ncha ya neva. Ikizidi, kalsiamu inayoingia inapungua, na vifuko vinavyotoka vinapungua. Ni magnesiamu ileile waliyoitumia Katz na del Castillo kwa chura wao. Tena upungufu hauendi sawa kwa sawa. Majaribio ya misuli ya chura yalionyesha kwamba pale kalsiamu ilipo chache, ukiipunguza kwa nusu, vifuko vinavyotoka hushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi na sita. Maana yake ni kwamba kati ya kiasi kinachofaa na kiasi cha hatari hakuna umbali mrefu.

Goti lisiporuka, magnesiamu imeanza kuwa nyingi, na misuli ya kupumua ndiyo itakayofuata. Kwa hiyo kabla ya kila dozi nesi anaangalia mambo matatu: goti linaruka, pumzi hazipungui 16 kwa dakika, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa, kwa kuwa magnesiamu hutoka kwa figo. Na pembeni ya kitanda kuna kalsiamu glukoneti, gramu 1, tayari kwa kuchomwa taratibu kwenye mshipa. Ukishajua milango ya kalsiamu, huhitaji kuambiwa kwa nini kiondoa sumu ni kalsiamu.

Nilifanyiwa upasuaji wa tumbo, lakini kesho yake niliumwa shingo, mabega na mapaja kama niliyelima. Walinipiga?

Hawakukupiga. Huenda ulipewa saksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli ili mpira wa kupumulia upite kooni. Molekuli yake ni asetilikolini mbili zilizounganishwa. Inavipiga vipokezi, misuli inatetemeka mwili mzima kwa sekunde chache, kisha inalegea kwa dakika chache. Maumivu ya misuli siku inayofuata ni ya kawaida kwa baadhi ya watu na hupita.

Jambo moja kubwa zaidi: saksamethoniamu hukatwa na kimeng'enya kilichomo kwenye damu, na zipo familia zilizorithi kimeng'enya dhaifu. Kwao dakika chache zinaweza kuwa masaa. Kama ndugu yako wa damu aliwahi kuchelewa sana kurudisha pumzi baada ya upasuaji, mwambie mtaalamu wa usingizi kabla hujaingia chumbani.

Dawa nyingine za kulegeza, kama vekuroniamu na rokuroniamu, huziba vipokezi bila kutetemesha. Mwishoni hupewa neostigmini, ambayo huizuia kolinesterasi kwa muda, asetilikolini ikawa nyingi na kushinda nafasi. Hupewa pamoja na atropini, na kama umesoma swali la viuatilifu unajua kwa nini. Dawa za kulegeza, zote, hulegeza misuli tu. Haziondoi maumivu wala fahamu, ndiyo maana haziendi bila dawa ya usingizi yenyewe.

Pepopunda inakakamaza na sumu ya botulini inalegeza. Inakuwaje walimu wanasema zinakata protini ileile?

Walimu wako sahihi. Sumu ya pepopunda hukata sinaptobrevini. Sumu za botulini ziko aina kadhaa; aina B hukata sinaptobrevini hiyo hiyo, aina A hukata SNAP-25. Kinachotofautiana ni mahali. Botulini hubaki kwenye ncha ya neva pale kwenye msuli: vifuko haviwezi kuungana na ukingo, asetilikolini haitoki, msuli unalegea. Sumu ya pepopunda huingia kwenye ncha hiyo hiyo lakini haifanyi kazi hapo. Inapanda neva hadi kwenye uti wa mgongo, inahamia kwenye seli ambazo kazi yake ni kuzituliza neva za misuli, na kuzifunga midomo. Breki ikiondoka, neva zinapiga mfululizo na mgonjwa anakakamaa, taya kwanza.

Ndiyo, ni botulini aina A hiyo wanayochomwa watu kuondoa makunyanzi. Hutumika pia kwa makengeza na kwa watoto wenye misuli iliyokaza. Athari yake hudumu miezi mitatu au minne hivi. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hata ile nzuri ya nyuki wadogo, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulini na utumbo wake bado hauwezi kuzizuia.

Dada yangu asubuhi ni mzima, jioni kope zinalegea, anashindwa kutafuna nyama, sauti inakuwa ya puani. Nyumbani wanasema amelogwa, wengine wanasema anajifanya.

Shikamoo kwanza kwa aliyeandika, maana barua ilikuwa ndefu na ya uchungu. Hayo unayoyaeleza yanafanana sana na miasthenia gravisi, na ugonjwa huu ndio unaoongoza kwa kumfanya mgonjwa aonekane mwongo, kwa sababu daktari wa asubuhi haoni alichokiona jirani wa jioni.

Kinga ya mwili inatengeneza silaha dhidi ya vipokezi vya asetilikolini na kuvipunguza. Kwa kawaida neva hutoa vifuko zaidi ya vinavyohitajika, mara kadhaa zaidi. Msuli unapotumika mfululizo, idadi ya vifuko kwa kila amri hupungua kidogo kwa kila mtu, wewe na mimi pia, ila akiba ile inaficha. Kwa mwenye vipokezi vichache akiba haipo, kwa hiyo kadiri anavyotafuna au kuongea, nyuzi nyingi zaidi zinashindwa kuitika. Akipumzika, zinarudi.

Mwaka 1934 Mary Walker, daktari wa hospitali moja ya Greenwich, London, aligundua kwamba fisostigmini, dawa inayotokana na maharage ya Kalaba ya Nigeria, humwinua mgonjwa wa namna hii kwa muda, kwa sababu huzuia kolinesterasi. Leo hutumika pairidostigmini ya vidonge, pamoja na dawa za kutuliza kinga, na baadhi hufanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi ya thaimasi. Mpeleke dada hospitali ya rufaa kama KCMC, ikiwezekana muonwe mchana umekwisha kusogea. Mpige picha za simu saa mbili asubuhi na saa moja jioni, uende nazo. Na kabla hajachomwa sindano yoyote ya jentamaisini au magnesiamu mahali pengine, waambie, maana zote mbili hupunguza utoaji wa asetilikolini. Akianza kushindwa kumeza mate au kupumua, usingoje kesho.

Tukishuka kutoka Kibo miguu inakataa. Asetilikolini imeisha?

Wapagazi hunicheka nikisema haijaisha, ila haijaisha. Ncha ya neva ina vifuko laki kadhaa na inavitengeneza upya muda wote. Kinachochoka ni msuli wenyewe na ari inayotoka kichwani. Na kushuka kuna ubaya wake: kutoka kilele cha mita 5,895 hadi Horombo, msuli wa paja unajikaza huku unavutwa kurefuka, na kazi ya aina hiyo huchana nyuzi kidogo kidogo. Ndiyo maana maumivu makali huja kesho yake au keshokutwa.

Na ganzi ya vidole kwa wageni wanaokunywa dawa ya mlima?

Ile ni asetazolamaidi. Husisimua neva za hisia, haihusiani na msuli, na huisha dawa ikiachwa.

Nikinywa vidonge vya kalsiamu nitakuwa na nguvu zaidi?

Hapana. Mwili hulinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu kwa ukali mno, na ziada inaishia kwenye mkojo. Kumbuka pia kwamba kalsiamu ya damu ikishuka sana dalili yake ni misuli kukakamaa, si kulegea, kwa kuwa neva zinakuwa nyepesi kujishtua kabla hata hoja ya vifuko haijafika. Swali hili huwapoteza hata watahiniwa wazuri.

Nafundisha biolojia sekondari Arusha, hatuna vifaa. Naweza kuonyesha chochote darasani?

Unaweza kuonyesha muda. Chukua rula ya sentimita 30. Mwanafunzi mmoja aishike juu, mwingine aweke vidole viwili kwenye sifuri bila kuigusa. Wa kwanza aiachie bila kutoa taarifa, wa pili aidake. Ikidakwa kwenye sentimita 20, muda uliopita ni sekunde 0.20, kwenye 15 ni sekunde 0.175 hivi. Wafanye wenyewe hesabu kwa kanuni ya mwendo wa kuanguka waliyoisoma kwenye fizikia.

Kisha wagawe muda huo. Neva ya mkono husafirisha umeme kwa takribani mita 50 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka shingoni hadi kwenye misuli ya mkono, kama sentimita 60, ni milisekunde 12 hivi. Kuvuka pengo ni milisekunde moja au pungufu. Zilizobaki, nyingi mno, zimetumika machoni na kwenye ubongo. Mwulize mwanafunzi aliyedaka vibaya alikuwa anawaza nini.